Meza ya Wasomaji: Ukialikwa Kula Dim Sum

Kila yanapokaribia Maonyesho ya biashara ya Canton, ambayo tangu mwaka 1957 hufanyika mara mbili kwa mwaka mjini Guangzhou (Canton ya zamani), kusini mwa China, barua za wasomaji wanaojiandaa kwa safari huongezeka mezani petu. Safari hii nyingi zimeuliza habari za mkahawa wa dim sum, yaani ule wa vitafunio vya Kikantoni vinavyoliwa kwa chai, kwa kuwa ndiko wenyeji wa huko wanakopenda kumpeleka mgeni. Tumechagua barua tano, na tumezipa majibu marefu zile zilizoyahitaji.

Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tunauza vifaa vya umeme Kariakoo, na mwezi wa Aprili tutakwenda Guangzhou kununua mzigo. Wakala anayetusaidia kule ameahidi kwamba asubuhi ya kwanza atatupeleka kunywa chai. Mwenzetu aliyekwisha kwenda anasema chai hiyo huchukua saa mbili, na kwamba yeye alishiba kabla chakula chenyewe hakijaletwa. Tufanyeje ili tusimwaibishe mwenyeji wetu?
*Mfanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam*

Mwenzenu alishiba mapema kwa sababu alikuwa akisubiri chakula kingine, na kingine hakipo. Vile vikapu vidogo vya mianzi vinavyotoka jikoni vikifuka mvuke, kila kimoja kikiwa na vipande vitatu au vinne, ndivyo mlo wenyewe. Huja kwa kadiri vinavyoiva, havifuati utaratibu wa supu kwanza na nyama baadaye, na kila kikapu ni cha meza nzima, si cha mtu mmoja. Mkiwa watu watatu, agizeni vikapu vinne au vitano, mle, mzungumze, kisha mwagize tena. Anayeagiza vikapu kumi na viwili kwa mkupuo mmoja huishia kula nusu yake vimepoa, na ngozi ya unga iliyopoa hukakamaa, ikapoteza kila kilichomfanya mtu aitamani.

Mkishaketi, swali la kwanza la mhudumu litahusu chai, na hapo ndipo wageni wengi hushikwa na kigugumizi. Pu'er ni chai iliyochachushwa, nyeusi, yenye harufu ya udongo uliolowa, nayo hupendwa sana na wazee wa Kikantoni kwa sababu wanaamini kwamba hulisaidia tumbo kuvikabili vyakula vya mafuta. Tieguanyin ni nyepesi zaidi na ina harufu ya maua. Iko pia chai ya asumini, na yako maua makavu ya krisanthemi ambayo wengine huyachanganya na pu'er. Mkikosa la kusema, tajeni chai ya asumini, kwani haimchukizi mtu yeyote. Hailetwi na maziwa wala sukari, na tangawizi msiitaje kabisa. Chai hutozwa kwa kichwa, hata kwa yule ambaye hakuigusa, kwa hiyo msishangae kuiona kwenye bili.

Buli la kwanza likifika, mtamwona mwenyeji wenu akimimina chai ya moto juu ya vikombe, vibakuli na vijiti, kisha akiyamwaga maji hayo katika bakuli kubwa lililowekwa kwa kazi hiyo. Anavisuuza vyombo. Wapo wanaosema kuwa ni usafi na wapo wanaosema kuwa ni mazoea tu yaliyobaki tangu enzi ambazo vyombo vya mikahawa havikuaminika, lakini kila mtu hufanya hivyo, na lililo muhimu kwenu ni kutoyanywa maji yale.

Kuanzia hapo, chai humiminwa kwa wengine kabla ya kujimiminia, na mkubwa kwa umri huanziwa. Mtu akikumiminia wakati unazungumza au mdomo umejaa, gonga meza kidogo kwa ncha za vidole viwili, hiyo ndiyo asante. Husimuliwa kwamba mfalme Qianlong, aliyetawala kuanzia mwaka 1735 hadi mwaka 1796, alikuwa akisafiri kwa kujificha katika mavazi ya raia wa kawaida, na siku moja akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi hakuweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, basi akavipigisha magoti vidole. Kisa hicho kiwe cha kweli au cha kubuni, ishara yenyewe utaiona kila dakika katika kila meza. Chai ikiisha hampungii mhudumu mkono. Mnakifungua kifuniko cha buli na kukiacha kikae upande, naye akipita ataongeza maji ya moto.

Kuagiza hufanyika kwa karatasi yenye majina ya vyakula, ambayo huwekwa alama ya idadi ya vikapu mnavyotaka, ingawa siku hizi katika mikahawa mingi ya Guangzhou watu huagiza na kulipa kwa simu. Kazi hiyo mwachieni mwenyeji. Bei hupangwa kwa madaraja, kwa mfano ndogo, ya kati, kubwa na maalumu, na daraja hutegemea thamani ya kilichomo, hivyo kikapu cha kamba hugharimu zaidi ya kikapu cha maandazi matupu.

Kuhusu saa mbili alizolalamikia mwenzenu, ndizo shabaha ya mwaliko. Wazee wa Kikantoni wana msemo wao wa buli moja na vitafunio viwili, na kwa hayo mzee hukaa na gazeti lake asubuhi nzima bila mtu kumfukuza. Wakala wenu anatumia nafasi hiyo kuwafahamu kabla ya kuwapeleka kiwandani. Msianze kubishania bei ya kontena wakati kikapu cha kwanza hakijafunguliwa. Habari za familia, safari na afya ndizo zinazoanza. Bili ikija, yeye aliyealika ndiye atakayelipa, lakini ni adabu kuinyooshea mkono na kubishana naye mara moja au mbili, naye atafurahi kuwashinda. Siku ya kuondoka mwalikeni nyinyi.

Jambo la mwisho kwa upande wenu ni vijiti. Msivisimike wima katika wali, kwani hivyo ndivyo udi unavyosimikwa mbele ya marehemu. Mkishindwa kuvitumia, ombeni kijiko bila haya yoyote.

Assalaam aleikum Mhariri. Mume wangu na mimi tutakaa Hong Kong siku chache, kisha tutaingia Guangzhou. Sisi ni Waislamu, na tumeambiwa na jamaa zetu kwamba tukila vya kamba tu tutakuwa salama, maana vya baharini havina shida. Je, ushauri huo unatosha?
*Msomaji wa Mji wa Kale, Mombasa*

Wa aleikum salaam, dada yetu. Ushauri huo hautoshi, na tunasikitika kwamba unatolewa kwa wepesi namna hiyo na watu wengi.

Chukua har gow, kile kitafunio maarufu cha kamba chenye ngozi nyeupe inayoonyesha kilichomo. Jina lake ni la kamba na ukikifungua utaona kamba, lakini katika mapishi ya asili kamba hao huchanganywa na vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe ili wasikauke wakati wa kupikwa, na unga wa ngozi hukandwa kwa mafuta hayohayo ili ung'ae. Siu mai, ambayo haifunikwi juu na huwekwa kidoa cha rangi ya machungwa, ni nyama ya nguruwe na kamba pamoja. Ile iitwayo keki ya figili, inayoonekana kama chakula cha mboga, hutiwa uduvi mkavu na soseji ya nguruwe iliyokatwakatwa. Wali wa kunata uliofungwa katika jani la yungiyungi husifiwa kuwa ni wa kuku, na kweli kuku yumo, ila mara nyingi hayumo peke yake. Madonge ya nyama ya ng'ombe yanayopikwa kwa mvuke huweza kuongezwa mafuta ya nguruwe, na hata yasipoongezwa, ng'ombe mwenyewe hakuchinjwa kwa sharia. Hata vipai vidogo vya mayai vinavyoliwa mwishoni vina aina mbili za ganda, na lile la tabaka nyembamba zinazomomonyoka lilitengenezwa tangu zamani kwa mafuta ya nguruwe. Tena nyama na kamba hulowekwa katika mvinyo wa mchele kabla ya kupikwa, jambo ambalo wapishi hawalitaji kwa kuwa kwao ni kiungo kama chumvi.

Ndiyo maana kumwambia mhudumu kuwa hamli nguruwe hakusaidii sana. Ataviondoa kwa uaminifu vikapu vyote vyenye nyama inayoonekana, na mafuta yaliyomo ndani ya unga hayatamjia akilini. Huyo hakudanganyi, bali amejibu swali aliloulizwa.

Habari njema ni kwamba Hong Kong ina mahali pa kula dim sum halali bila wasiwasi wowote. Katika eneo la Wan Chai, Oi Kwan Road, upo Msikiti wa Ammar, jengo la ghorofa lililofunguliwa mwaka 1981, na ghorofa ya tano kuna kantini ya kituo cha Kiislamu ambayo imejipatia jina kwa dim sum yake. Humo utapata har gow na siu mai zilizotengenezwa bila nguruwe, pamoja na maandazi ya mvuke, na watakaoketi jirani nawe ni Wachina wa Hong Kong, Wapakistani, Waindonesia na wageni kutoka kila upande. Mahali penyewe ni pa kawaida kabisa, meza zimesogeleana na kelele ni nyingi, na kwa maoni yetu hilo ndilo linalopafanya pafanane na mkahawa halisi wa dim sum kuliko ukumbi wa hoteli. Fikeni mapema, hasa siku ya Ijumaa, kwani dim sum ni mlo wa asubuhi na mchana, na vikapu vinavyopendwa huwahi kwisha.

Guangzhou ni mji wenye Uislamu wa kale, na Msikiti wa Huaisheng pamoja na mnara wake ni miongoni mwa misikiti mikongwe ya China, lakini usidhani kwamba kila mkahawa wa Waislamu utakuwa na dim sum. Utakaoiona zaidi ni ile midogo yenye kibao cha kijani na maandishi 清真 (halali), ambayo wenyewe ni Waislamu kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi kama Gansu na Qinghai. Hawa ni mabingwa wa tambi za kuvutwa kwa mkono katika supu ya ng'ombe. Kuleni kwao kwa moyo mkunjufu, ila vitafunio vya Kikantoni si kazi yao. Anayetaka kuonja dim sum katika mji huo atafute mkahawa wa mboga unaofuata taratibu za Kibudha, wenye alama 素 (mboga tupu), ambamo uyoga, tofu na mboga huchukua nafasi ya nyama na mafuta ya mnyama hayatumiki. Swali la mvinyo liulizwe hata humo.

Mkialikwa katika mkahawa wa kawaida, mwambieni mwenyeji siku moja kabla, msingoje mpaka mketi. China ina mamilioni ya Waislamu wake yenyewe, kwa hiyo jambo hilo si geni kwake, na mara nyingi atabadilisha mahali mwenyewe. Akishindwa, kaeni naye mnywe chai na mle matunda. Kukataa chakula kwa sababu ya dini hakumvunjii heshima, lakini kumwacha aagize meza nzima kisha mkae mkivitazama vikapu kutamvunjia.

Shikamoo Mhariri. Kaka yangu amenitumia picha ya miguu ya kuku katika kikapu, akisema ni chakula cha heshima huko Hong Kong. Sisi huku tunainunua jioni kwa bei ya chini kabisa. Ananitania?
*Mwanafunzi, Mwanza*

Marahaba. Hakutanii, na tofauti iko katika kazi iliyofanywa jikoni. Miguu hiyo hukaangwa kwanza katika mafuta mengi, kisha hutumbukizwa katika maji baridi sana ili ngozi ivimbe na kujikunja, halafu huchemshwa polepole pamoja na viungo kama anisi nyota, na mwisho hupikwa kwa mvuke ikiwa na mchuzi wa maharage meusi yaliyochachushwa. Ikiiva sawasawa, ngozi huachana na mfupa ndani ya mdomo bila kutafunwa. Mifupa hutemwa polepole kwenye sahani yako mwenyewe. Yule anayeipenda ile ya Mwanza, iliyokaushwa vizuri na kutiwa pilipili, huenda akaiona hii kuwa laini mno, na hatutamlaumu.

Ndugu Mhariri, ninaishi Toronto. Wenzangu wa kazini walinipeleka kula dim sum, nami nilitarajia kuona vigari vinavyosukumwa kati ya meza kama wanavyosimulia. Badala yake tulipewa karatasi na kalamu. Je, tulipelekwa mahali pasipo pa asili?
*Msomaji wa Kanada*

Hapana, mlipelekwa mahali pa siku hizi. Kigari kinahitaji ukumbi mkubwa, wahudumu wengi wa kukisukuma, na wateja wengi wa kumaliza kilichomo kabla hakijapoa. Kodi za miji mikubwa zimekula nafasi hiyo, na hata Hong Kong kwenyewe vigari vimekuwa vichache kiasi kwamba watu hupanga foleni katika ukumbi wa Maxim's Palace, ndani ya jengo la City Hall, kwa sababu vingali vinapita humo. Tim Ho Wan, kilichoanza mwaka 2009 kama kibanda cha meza chache katika mtaa wa Mong Kok na kikapata nyota ya Michelin, tuzo ya ubora wa mikahawa, ndani ya muda mfupi, hakikuwahi kuwa na kigari. Mwanzilishi wake mmoja, Mak Kwai-pui, alikuwa ametoka katika jiko la Lung King Heen, mkahawa wa hoteli uliokuwa na nyota tatu wakati huo, na alichokitoa huko ni ufundi wa kupika kila kikapu baada ya kuagizwa. Kitafunio kilichompa jina ni andazi la kuokwa lenye nyama ya nguruwe, tunalitaja ili anayejizuia ajue.

Sisi twapendelea karatasi. Kigari kina raha ya kuchagua kwa macho, na kwa anayeshindwa kusoma majina ni msaada mkubwa, kwani unanyoosha kidole, unafunuliwa kikapu, na kadi yako inapigwa muhuri. Hata hivyo kilichozunguka ukumbini robo saa si sawa na kilichotoka sasa hivi jikoni, na anayetaka tofauti hiyo ipungue akae meza iliyo karibu na mlango wa jiko.

Mhariri mpendwa, nimejaribu mara kadhaa kutengeneza har gow nyumbani Nairobi kwa unga wa ngano wa kawaida. Ngozi inatoka nzito kama ya chapati na haionyeshi kilichomo. Nakosea wapi?
*Mpishi wa Nyumbani, Nairobi*

Unga wa ngano hautaweza kamwe kuonyesha kilichomo, kwa sababu una protini inayoufanya uvutike na kuwa mweupe mzito. Har gow hutengenezwa kwa wanga wa ngano, ambao ni unga uliokwisha kuondolewa protini hiyo, na hupatikana katika maduka ya vyakula vya Kiasia. Wanga huo pekee hukatika, kwa hiyo huongezewa wanga wa muhogo unaoupa mnato. Anza na gramu 100 za wanga wa ngano na gramu 50 za wanga wa muhogo pamoja na chumvi kidogo, kisha mimina maji kama mililita 170 huku ukikoroga kwa haraka. Maji hayo lazima yawe yanatokota. Yakiwa ya moto tu, wanga hautaiva na donge halitashikana. Funika kwa dakika chache, halafu kanda kwa kijiko kimoja cha mafuta ya mboga mpaka lilainike. Wakati unapofanyia kazi kipande kimoja, vingine viwe chini ya kitambaa chenye unyevu.

Kwa kilichomo, menya kamba gramu 250, wakaushe vizuri, nusu uwakatekate na nusu uwaache vipande vikubwa. Ongeza chumvi, sukari kidogo, pilipili manga nyeupe, mafuta ya ufuta na kijiko cha wanga wa mahindi, kisha koroga kwa kuelekea upande mmoja mpaka mchanganyiko unate, uuweke kwenye friji kwa nusu saa. Badala ya mafuta ya nguruwe, kijiko cha mafuta ya mboga kitatosha kuwalinda wasikauke.

Wapishi wa Kikantoni huhesabu mikunjo ya ngozi, na wanaojiheshimu hawashuki chini ya saba. Wewe anza na minne iliyofungwa imara, kwa kuwa kinachoharibu har gow ya nyumbani ni maji ya kamba kuvuja kupitia upenyo, si uchache wa mikunjo. Huhitaji kikapu cha mianzi, ingawa mianzi hunywa mvuke na kuzuia matone yasidondoke juu ya chakula. Ukitumia sufuria yenye chujio, ufunge mfuniko kwa kitambaa kikavu, utandike jani la kabichi chini, na uache nafasi kati ya kipande na kipande. Dakika tano au sita za mvuke mkali zinatosha. Ukifunua na kukuta ngozi bado ni nyeupe katikati, rudisha mfuniko kwa dakika moja, kisha uondoe motoni na usubiri kidogo kabla ya kuvigusa, kwani vikiwa vya moto sana hupasuka mkononi.